Mahali pa Kumpeleka Shangazi

Shangazi alipiga simu Jumatano usiku, saa ambayo kwa kawaida ameshalala. Hakusema mengi.

"Baba, Jumamosi nakuja huko. Nina neno."

Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Nikamwambia karibu sana shangazi, hata mimi nina neno, nitakutoa tukale mahali pazuri. Akacheka. "Hayo meno ya kulia mahali pazuri ninayo mangapi?" Akakata simu.

Kuanzia Alhamisi asubuhi nikawa naulizia kazini. Mtu umtoe wapi mzee wake akija Dar kutoka Kwala? Swali jepesi, na kila mtu ana jibu. Mmoja akasema mpeleke Mamboz, kule mjini, akale kuku wa kuchoma barabarani, moshi unapita, watu wanapita, atafurahi. Mwingine, dada wa hesabu, akasema usimfanyie hivyo mama wa watu, mpeleke Karambezi, pale Sea Cliff, akae juu ya bahari apigwe upepo, mpige na picha. Mlinzi wetu, ambaye nyumbani kwao ni Kisarawe na kwa hiyo anajiona ana haki zaidi ya kusema, akasema mtu wa kwetu hana raha ya kula pasipokuwa na ugali; mtafutie mama ntilie safi.

Hili la mama ntilie nilikuwa nimeshaliwaza na kulikataa. Shangazi mwenyewe kapika chakula cha kuuza zaidi ya nusu ya umri wake. Kumpeleka kwa mama ntilie ni kama kumpeleka fundi cherehani mjini ili amtazame mwenzake akishona. Angekaa pale kwenye benchi anahesabu vipande vya nyama kwenye sahani za watu. Feri nako nilikufikiria, ununue changu wako mnadani ukakaangiwe pale pale, maana samaki anampenda. Lakini Feri ni kelele tupu, na Shangazi kwenye kelele ndipo sauti yake inapofunguka.

Hapo ndipo penye ukweli wenyewe, na ni bora niuseme mapema. Sikuwa natafuta mahali penye chakula kitamu. Nilikuwa natafuta mahali ambapo Shangazi hataweza kupaza sauti.

Marehemu baba alinunua eneo Kwala mwaka 1994, kama nusu eka hivi, kando ya njia inayotoka Vigwaza. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyekuonea wivu kwa kuwa na eneo huko. Ulikuwa ukisema Kwala watu wanauliza kama kuna simba. Leo njia ile ni barabara ya zege, malori yamejipanga, na pale tulipokuwa tunatega kanga pana bandari kavu: kontena zinashushwa meli Dar es Salaam, zinaletwa Kwala, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanazichukulia huko badala ya kuja kubanana Kurasini. Rais Samia aliizindua rasmi Julai 2025. Jirani yake wanajenga viwanda. Bei ya ardhi sasa haitajwi kwa eka. Inatajwa kwa mita, na anayeitaja anakuangalia usoni kwanza.

Mimi nina nyumba Goba ambayo imeishia kwenye lenta tangu miaka miwili iliyopita. Kila nikipita naona nondo zimetokeza juu, zimeshika kutu. Mnunuzi aliponipigia na kutaja bei yake nilikaa kitandani. Nikampigia dada yangu Mwanza, naye akasema uza, tugawane, baba amekufa na maisha yanaendelea. Kwenye karatasi ya mauziano ya kijiji kuna jina la baba peke yake, na warithi wake ni sisi wawili. Shangazi hayupo popote kwenye karatasi.

Kwenye ardhi yenyewe yupo. Baba alipofariki mwaka 1996 ni yeye aliyeendelea kufyeka. Kapanda mihogo, kapanda mbaazi, mwembe wa katikati ni wake. Kafukuza ng'ombe wa watu, kafukuza na watu wenyewe waliokuwa wanasogeza mipaka usiku kwa kung'oa miti ya mnyaa. Miaka karibu thelathini. Na mimi nimeshakubali kwa mdomo kuuza, sijamwambia.

Kwa hiyo unaona shida yangu ya hoteli ilivyokuwa. (Sisi tuliokulia Kwala kila mahali panapouzwa chai na kukawa na benchi ni hoteli. Neno "mgahawa" nililikuta shuleni.) Sehemu ya muziki haifai, maana itabidi nimwambie kwa kupiga kelele. Sehemu ya kukaa mmeelekea bahari ilinivutia, maana huhitaji kumtazama mtu machoni, lakini nikaona aibu kumpeleka mtu kwenye upepo wa Masaki ili nimnyang'anye shamba. Buffet hapana, atasema wanatupa chakula. Na uma na kisu hapana kabisa, kwa sababu mkono wake wa kulia sasa unatetemeka kidogo, na asingekubali mtu auone ukitetemeka.

Ijumaa jioni nikaamua: Addis in Dar, kwa Wahabeshi, kule Regent Estate. Nilikuwa nimewahi kwenda mara moja na wageni wa ofisi. Unakula kwa mkono, hakuna kisu. Pametulia. Na kikubwa, mnakula sinia moja. Nikajiambia watu waliotia mikono kwenye sinia moja hawagombani. Nilikuwa nimesahau kwamba ugomvi karibu wote wa ukoo wetu umeanzia kwenye sinia.

Alikuja na treni ya umeme, kapanda Ruvu, nauli shilingi 5,000. Nilimsubiri pale stesheni mpya, lile jengo walilolichora kwa umbo la Tanzanite, nikamwona anateremka na ngazi zinazotembea, kikapu mkononi, ametulia kama mtu aliyezaliwa nazo. Mimi ndiye niliyejikwaa kwenda kumpokea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hamjambo? Mkeo? Watoto?" Kisha bila kupumua: "Treni yenu nzuri. Lakini imesimama Soga, imesimama Pugu, sijasikia hata mtu mmoja anaita mayai. Madirisha hayafunguki, utamuuzia nani?"

Hilo lilimkaa rohoni, na nilijua kwa nini. Yeye maisha yake yamepita kwenye madirisha ya treni. Ruvu ndipo reli inayokwenda Mnyusi inapochepuka, ile iliyofunguliwa mwaka 1963 kuunganisha reli ya kati na ya Tanga, kwa hiyo pale treni zilikuwa zinasimama, za bara na za kaskazini. Shangazi alikuwa na beseni lake la kambale wa kukaanga na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa anajua kutoa chakula, kupokea noti na kurudisha chenji huku anakimbia sambamba na behewa, na nimewahi kumwona akirusha chenji ikaingia dirishani wakati treni imeshachanganya. Treni ya abiria ya kaskazini ilipokoma miaka ya 90 beseni likapungua. Iliporudi Desemba 2019 yeye alikuwa ameshahamishia meko barabarani. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile beseni, ikinuka samaki. Mhasibu wa shule alikuwa anazishika noti kwa ncha za vidole.

Nikaita gari kwa simu, nikamwomba dereva apite Daraja la Tanzanite, hata kama ni kuzunguka. Hiyo nayo ilikuwa rushwa. Tulipofika katikati nikamwonyesha maji. Shangazi akageuza shingo kidogo.

"Bahari naiona," akasema. "Haya, twende."

Kule ndani alipenda kitu kimoja kabla hajakaa: zile meza za kusukwa, zenye mfuniko uliochongoka juu. Aliugusa mfuniko, akaupindua kuangalia mshono kwa ndani. "Kumbe na wenzetu wana makawa." Akaketi. Mhudumu alipokuja na karatasi ya vyakula Shangazi hakuitazama, akamtazama mhudumu. "Mwanangu, hiyo nyama yenu kachinja nani?"

Sikutaka lile jibu tulisubiri, nikadakia nikaagiza chakula cha mfungo. Hiki ni kitu ambacho mtu wa pwani anayekwenda kwa Wahabeshi anapaswa kukijua. Wakristo wa Othodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na tena siku nyingi kabla ya Pasaka, na wakifunga hawali nyama wala maziwa wala mayai. Ndiyo maana mapishi yao ya mboga ni mengi na yamekomaa: dengu nyekundu za pilipili, dengu za manjano, shiro ambayo ni uji mzito wa unga wa dengu, majani yanayofanana na sukuma. Vyote vinamwagwa kwa mafungu juu ya injera moja pana iliyotandikwa kwenye sinia, na injera nyingine zinakuja zimekunjwa kama vitambaa vya kufutia mikono.

Shangazi alisikiliza maelezo yangu yote hayo. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimetoka Kwala nimeacha mboga, nimekuja Dar kula mboga."

Akamega injera. Akaitafuna taratibu, upande wa kushoto, ulio na meno.

"Imechacha."

"Ndivyo inavyotakiwa, shangazi. Wanauacha unga siku kadhaa uumuke."

"Hata mimi togwa langu likichacha nawaambia wateja ndivyo linavyotakiwa."

Lakini alikula. Alikula kwa kweli, kwa adabu ya mtu anayejua kupika: alionja kila fungu peke yake kwanza, kisha akaanza kuchanganya. Shiro ikampendeza mno. Akaniuliza unga wake unasagwa dengu zikiwa zimekaangwa au mbichi, nami sikujua. Na wakati wote huo alikuwa anafanya jambo ambalo mwanzoni sikuliona. Kwa ncha za vidole alikuwa anazisogeza dengu nyekundu, zilizokuwa tamu kuliko vyote, kutoka upande wake kuja upande wangu. Kidogo kidogo, anazungumza habari nyingine kabisa. Ndivyo alivyokuwa anafanya Kwala tukila watoto sita sahani moja, ili yule mdogo asikose. Mimi nina miaka arobaini na mbili.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikayatafuta, hayapo.

"Shangazi, lile neno lako," nikasema. "Anza wewe."

"Langu dogo. Yule mnunuzi wako kaja na futi."

Nilibaki na tonge mkononi.

"Jumatatu. Kaja na kijana wa kupima. Nikawakaribisha, nikawapa maji. Nikawauliza, nani kawaelekeza hapa? Wakataja jina la baba yangu."

Hakupaza sauti. Mahesabu yangu yote ya mahali pa utulivu yalikuwa kazi bure. Mtu asiyepaza sauti, utulivu unamsaidia yeye. Meza ya jirani walikuwa wanacheka, mtoto wao anapigapiga sinia. Nikaanza kueleza. Nikaeleza Goba, lenta, nondo, ada za watoto, dada yangu Mwanza, nikaeleza kwamba bei zikipanda hivi huwa zinashuka, jambo ambalo sina ushahidi nalo wowote. Nikasema nilikuwa nimepanga kumpa fungu lake. Nikasikia mwenyewe jinsi lilivyosikika hilo neno, kumpa.

Aliniacha nikamaliza. Akapangusa vidole.

"Mimi nilikuja kwa jingine," akasema. "Nilikaa chini ya mwembe siku tatu nahesabu malori. Siku ya kwanza yamepita arobaini na moja mpaka adhuhuri. Yale yanayosubiri zamu yanalala pale pale. Dereva anakula biskuti, baba. Mtu mzima na mke nyumbani, anakula biskuti na soda. Nataka kuweka banda. Si la miti, la mabati, na sakafu. Meko mawili ya nje. Nimeongea na fundi."

"Pale kwenye eneo?"

"Sasa nikaweke hewani?"

Halafu akasema jambo ambalo ningefurahi kama angelisema kwa kelele, Feri, mbele ya wauza pweza wote. "Nipe miaka mitano. Nitakulipa kodi, sikuombi bure. Ikiisha uza, na banda lake juu, utapata zaidi. Miaka yote hii ya kukulindia sikukudai kitu, wala sikudai leo. Nakwambia tu ili ujue mahesabu yamekaaje."

Najua mtu anaweza kusoma hapa akaona jibu ni jepesi. Na mimi ningeliona jepesi kama ingekuwa habari ya mtu mwingine. Lakini miaka mitano ni mingi kwa nyumba isiyo na paa, na Shangazi ana miaka sitini na tisa, mkono unatetemeka, na malori hayana mkataba na mtu. Kesho watafungua geti upande mwingine, banda libaki linatazama nyasi. Haya yote nilimwambia, isipokuwa la mkono. Akasema, "Treni nazo hazikuwa na mkataba na mimi."

Kahawa ikaletwa, na ubani juu ya makaa. Hapo uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu tukae. Akauvuta ule moshi kwa kiganja kuelekea kwenye mtandio wake.

"Wananifukizia arusi au hitima?"

Nikamwambia wao ndivyo wanavyokunywa kahawa, hakuna msiba. "Basi sawa," akasema, na kahawa yake akainywa bila sukari, vikombe viwili. Ilipokuja risiti akaiomba. Akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho, mstari kwa mstari, kama anavyosoma mtu wa biashara, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Nilidhani anaona ghali na atanisema. Hakusema.

Akalala kwetu Tabata. Asubuhi wanangu wakamkuta jikoni ameshachambua mchele wote wa kwenye ndoo. Tulivyompeleka stesheni hakuna aliyegusa habari ya eneo, si mimi si yeye. Kikapu alikiacha: kambale wa moshi saba wamefungwa kwenye majani ya mgomba na gazeti, na maagizo kwa mke wangu kwamba waloweke kwa maji ya vuguvugu kwanza, na tui la kwanza litiwe mwisho, kwa moto mdogo, lisije likakatika. Mke wangu anajua kupika kambale. Alisikiliza yote, akasema sawa shangazi.

Mnunuzi alipiga Jumatatu. Nikamwambia nipe siku mbili. Alipiga Jumanne, sikupokea.

Jumatano usiku, saa ile ile, simu ikaita tena.

"Baba, lile sinia la wale watu, upana wake vipi? Kama langu la bluu, au kubwa zaidi?"

"Kubwa zaidi kidogo, shangazi."

"Nimewaza, dereva anatembea na utingo wake. Wawili. Nikiwawekea sinia moja badala ya sahani mbili, naosha chombo kimoja. Maji pale nanunua ndoo. Na mtu akila sinia anakula kwa kutulia, anaongeza na kitu. Wewe uliona tulivyokaa pale?"

Nikasema niliona.

"Basi ukipita Kariakoo nichukulie manne. Bei utaniambia."

Masinia manne yako hapa sebuleni, yamefungwa kwa kamba, yameegemea ukuta. Mtoto wa mwisho ameshagundua kwamba yanalia ukiyagonga. Mnunuzi bado sijampigia.